Kwa nini namba ya kadansi inashuka sisi tukiongeza nguvu?

Swali hili limetoka Bukavu:

“Salamu Papa. Niko Furaha. Tuko kikundi cha vijana tunaojifunza kupiga kasia katika ghuba, upande wa Muhumba. Mtumbwi wetu ni wa mtumba, ulitoka Ubelgiji, unafunguka katikati vipande viwili. Una wapiga kasia wanne, viti vya kuteleza, na mimi mshika usukani nalala mbele kabisa: wao wamenipa mgongo, nami nimewapa mgongo. Ulikuja na kile kidude cha Cox Box, cha kukuza sauti yangu na kuhesabu mapigo, pamoja na mikro ya kuvaa kichwani na spika mbili. Tukienda polepole namba ya kadansi, yaani mapigo ya kasia kwa dakika, inatoka vizuri, 22, 24, 26. Tukikaza, mahali pa kuona 34 naona 17, mara 33, mara 16, mara vistari vitupu. Kochi anasema kidude kimekufa, anahesabu mwenyewe kwa simu akiwa ufukweni. Spika ya nyuma nayo inakatikakatika. Kochi anataka tufike 38 kama wale wa kwenye video. Lakini tulipopima mita 500 tulitumia dakika 2 na sekunde 15 kwa kadansi ya 26, na dakika 2 na sekunde 10 kwa kadansi ya 34, na vijana walishuka hawajiwezi. Kidude kinatengenezeka? Hiyo 38 ni lazima? Na kuna wanaosema msichana hawezi kushika usukani wa wanaume kwenye mashindano. Ni kweli?”

Dada Furaha, kidude hakijafa. Kingekuwa kimekufa kisingekupa 17 mahali pa 34, wala 16 baada ya 33. Hizo ni nusu, na kifaa kinachokosea kwa nusu kamili kinahesabu vizuri sana. Tatizo ni kile kinachoonyeshwa kihesabu. Wewe mwenyewe umeniandikia dawa bila kujua, pale uliposema namba ni nzuri mkienda polepole.

Tazama chini ya kiti cha mpiga kasia aliye karibu nawe. Utaona sumaku ndogo imebanwa au imegundishwa kwenye fremu ya kiti. Kisha tazama sakafuni, kati ya zile reli mbili ambazo kiti kinatelezea: kuna kijipande cheusi cha plastiki chenye waya unaokuja hadi kwako. Ndani yake mna kijibomba cha kioo chembamba, na ndani ya kioo vibamba viwili vya chuma visivyogusana. Sumaku ikikaribia vinagusana, ikienda zake vinaachana. Ni swichi ya sumaku, ileile inayotumika kwenye kengele za milango. Kiti kikienda, sumaku inapita juu ya swichi. Kikirudi, inapita tena. Mipito miwili ni pigo moja la kasia, na kidude kinapima muda na kukuandikia ni mapigo mangapi kwa dakika.

Sasa fikiria swichi imefungwa mwisho wa reli, upande wa miguu ya mpiga kasia. Mkienda kwa 24 ana nafasi ya kutosha, anakunja magoti yote, kiti kinakwenda hadi mwisho: sumaku inavuka swichi, inaiacha nyuma, halafu inaivuka tena wakati wa kurudi. Namba sahihi. Mkikaza hadi 34 muda unambana. Hakunji tena magoti kikamilifu, kiti kinafika juu ya swichi na kugeukia hapohapo. Vile vibamba vinagusana mara moja tu badala ya mara mbili, na kidude kinasubiri mpito wa pili ambao utakuja na pigo linalofuata. Ndiyo 17 yako. Akichoka zaidi, kiti hakifiki kwenye swichi kabisa, na kidude kinakuwekea vistari kwa kuwa hakijaona kitu.

Kabla ya kuhamisha chochote, nakuomba ufanye jambo moja. Bandika kipande cha utepe mweupe kando ya reli, pale kiti kinapofika mkiwa kwenye 26. Kisha mwambie kijana aliye kiti cha pili toka kwako aangalie nyuma yake mkiwa kwenye 34, au funga simu ya kurekodi video ikitazama reli. Mtaona kiti kinageuka kabla ya kufika kwenye utepe. Swichi iliyokaa vibaya imewaletea habari ambayo swichi iliyokaa vizuri ingeificha: kikosi chenu kinafupisha pigo mkikaza. Nitarudi hapo, maana hilo ndilo jibu la ile 38.

Baada ya hapo, hamisha swichi. Mahali pake ni katikati ya reli, au sogeza kidogo upande wa pili, ule ambao kiti kipo wakati miguu imenyooka. Sababu ni kwamba hata mtu aliyechoka kabisa bado hunyoosha miguu kila pigo. Kinachopotea kwanza ni mkunjo wa magoti. Ukiiweka huko itaona mipito miwili daima. Mkifanya zoezi la kuvuta kwa mikono peke yake bila kusogeza viti hautaona namba yoyote, na huo si ubovu.

Usiende majini kujaribu. Weka mtumbwi juu ya stendi, washa kidude, fungua programu ya metronomu kwenye simu na uiweke 30. Mtu mmoja asukume kiti kwa mkono, kwenda na kurudi mara moja kwa kila mlio. Kwanza mwendo mzima wa reli, halafu robo tatu, halafu theluthi mbili, daima akianzia upande wa miguu iliyonyooka. Ikiwa namba inabaki karibu na 30 kwa yote matatu, umemaliza. Ikiwa inarukaruka, chomoa waya wa swichi na uupime kwa multimeta ikiwa kwenye alama ya mlio. Pitisha sumaku kwa mkono, karibu kabisa: ikilia, swichi ni nzima. Kisha ipitishe kwa umbali uleule ambao kiti kinapita. Kama inalia ikiwa karibu tu na kunyamaza kwa umbali wa kiti, inua swichi kwa kipande chembamba cha ubao. Usikimbilie sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika ya redio. Sumaku yenye nguvu kupita kiasi inaishika swichi tangu mbali na kuchelewa kuiachia, na utakuwa umeurudisha ugonjwa uleule kwa mlango mwingine.

Na kama haililii sumaku hata ikiguswa, basi huenda kile kioo kimevunjika ndani. Hutokea mtu akikanyaga wakati wa kuingia. Fundi yeyote wa redio anaweza kulehemu nyingine. Mwambie asikunje miguu ya swichi karibu na kioo, kitapasuka mikononi mwake.

Spika ya nyuma sina haja ya kuiona. Mtumbwi wenu unafunguka katikati, kwa hiyo waya wa spika una plagi pale kwenye kiungo, na kila mnapoufunga na kuufungua ile plagi inalegea au inaloa. Maji ya Kivu yana magadi kidogo, hayafanani na ya mvua. Yakikauka ndani ya plagi yanaacha ukungu mweupe na shaba inageuka kijani. Fungua, piga mswaki kwa spiriti, kausha, paka grisi ya silikoni, kisha funga kiungo kwa utepe wa mpira wa raba. Ikiwa bado inakatika, tikisa waya huku mtu anazungumza kwenye mikro. Utasikia ni wapi. Mlio mkali wa filimbi ukikuumiza masikio, mikro iko karibu mno na spika au umepandisha sauti kuliko inavyohitajika. Mikro ikae karibu kugusa mdomo, kando kidogo ili pumzi isiipige, halafu sauti ishushwe. Washika usukani wengi wapya hufanya kinyume.

Kuhusu betri, sitaki uchome mtumbwi. Ukifungua kidude soma maandishi yaliyo kwenye betri yenyewe, usikisie. Vifaa vingi vya zamani vina seli za nikeli, kila seli volti 1.2, vipya vina lithiamu, ambayo seli moja ikijaa hufika volti 4.2. Chaja ya moja usiichomeke kwenye nyingine hata kama tundu linaingia. Na betri ya lithiamu iliyovimba haitengenezwi, inatupwa mbali na moto.

Kidude chenyewe kina historia fupi. Kampuni inayokitengeneza, Nielsen-Kellerman, ilianzishwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1978. Kabla ya hapo mshika usukani alijifunga kichwani pembe ya bati, ile ya kukuzia sauti, na wengine walikuwa na vipande vya mbao kwenye kamba za usukani wakigonga ubavu wa mtumbwi kutoa mdundo. Kadansi alihesabu mtu wa ufukweni mwenye saa, au mshika usukani mwenyewe kwa saa aliyoning’iniza shingoni. Cox Box iliweka vitatu mahali pamoja: sauti, saa na kadansi. Vya siku hizi vimeongezewa GPS ya kuonyesha mwendo na kitambuzi cha mtikisiko kinachohesabu mapigo bila sumaku yoyote, kwa kuhisi jinsi mtumbwi unavyosukumwa na kusitasita. Chako ni cha zamani. Kwa kazi yenu kinatosha.

Sasa hiyo 38.

Uliniandikia namba mbili za mita 500, na nakushukuru, maana watu wengi huniandikia “tunakwenda haraka” na kuniachia nikisie. Tuzichambue. Kwa 26 mlitumia sekunde 135. Hayo ni mapigo kama 58 na nusu, kwa hiyo kila pigo liliwasogeza mita 8 na nusu. Kwa 34 mlitumia sekunde 130, mapigo kama 74, kila pigo mita 6.8. Kufupika kidogo ni kawaida. Hakuna kikosi duniani ambacho mita kwa kila pigo hazipungui kadansi ikipanda. Swali ni: zimepungua kwa kiasi kinachostahili, au zaidi?

Maji yana tabia ya kudai bei kubwa. Ukitaka mwendo uongezeke kwa asilimia 5, nguvu inabidi iongezeke kwa asilimia 16 hivi, kwa sababu nguvu inayohitajika hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Sasa, mkipanda kutoka 26 hadi 34 huku kila pigo likibeba kazi ileile, nguvu yenu kwa dakika inapanda kwa asilimia 31 hivi. Hiyo ingewapa mwendo zaidi kwa asilimia 9, na mita 500 mngezimaliza kwa dakika 2 na sekunde 3 au 4. Mlitumia 2 na 10. Ukirudisha hesabu kinyumenyume unapata kwamba kila pigo la 34 lilikuwa na kazi pungufu kwa karibu asilimia 14 kuliko pigo la 26. Vijana walishuka hawajiwezi kwa sababu walilipa gharama ya kukimbizana na viti, kukunja na kukunjua, mara 34 kwa dakika, na maji yakapata sehemu tu ya jasho hilo.

Hapo ndipo utepe wako kwenye reli unapozungumza lugha moja na hesabu. Asilimia 14 hazikupotea hewani. Zipo katika zile sentimita ambazo kiti hakifiki.

Mwonyeshe kochi hili, lakini kwa adabu, maana ana hoja yake. Vikosi vikubwa kweli hushindana kwa kadansi ya 36 hadi 40, na wakianza mbio hupita hapo. Ujerumani, wapiga kasia wanane, waliweka rekodi Poznań mwaka 2017: mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 18.68. Tukichukulia kadansi ya 39 kwa wastani, kila pigo liliwapeleka zaidi ya mita 9 na nusu. Yaani kwa 39 walikuwa wanasafiri mbali kwa kila pigo kuliko nyinyi kwa 26. Ni wanane na nyinyi ni wanne, tena ni majitu ya miaka mingi ya mazoezi, kwa hiyo usiwalinganishe mwendo. Linganisha mpangilio: wao hawakufika kwenye 39 kwa kupunguza pigo. Walikuwa na pigo refu kwanza, kisha wakajifunza kulirudia upesi.

Kwenye 26 pigo zima linachukua sekunde 2.3. Kwenye 34 ni 1.76, na kwenye 38 ni chini ya 1.6. Kasia likiwa majini, mvuto wenyewe unakula kama sekunde 0.8, na hauwezi kufupishwa sana kwa sababu mtumbwi una uzito na maji yana ukaidi. Sehemu kubwa ya muda unaokatwa inatoka kwenye kurudi, pale viti vinaposogea taratibu kuelekea miguu. Kwa kikosi kipya, kurudi ndiko kupumzika, ndiko kujipanga. Ukiwanyang’anya, wanajinyang’anya wenyewe urefu wa pigo.

Kuna jambo jingine ambalo video haziwaambii. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mashindano mengi mnayoyatazama yanafanyika karibu na usawa wa bahari. Bukavu, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa asilimia 15 au 16. Mtu anaweza kukaza vilevile kwa nusu dakika, lakini dakika ya tatu itamdai. Namba za Ulaya zisiletwe hapa bila kupunguzwa.

Kama kikosi kingekuwa changu, kwa miezi hii ningekaa zaidi kwenye 18 hadi 22, utepe ukiwa kwenye reli na kila mmoja akiufikia. Siku mbili kwa juma, vipande vya mita 500 kwa 26, halafu 28, halafu 30, mkiandika daftarini kadansi na muda. Panda ngazi pale tu mita kwa kila pigo zinapopungua kwa kiasi kidogo. Kutoka 26 hadi 28, zikiwa 8.5 kwenye 26, ningetegemea zibaki karibu na 8.1. Zikianguka hadi 7 na kitu, mmevuka uwezo wenu wa leo. Rudini chini bila aibu. Inawezekana kabisa kwamba kwenye 30 mtakuwa na mwendo mkubwa kuliko mlioupata kwenye 34. Sitashangaa.

Pimeni alfajiri kabla upepo haujaamka, kwenda na kurudi juu ya mstari mmoja, kisha mchukue wastani. Msipime karibu na pale Ruzizi inapotokea ziwani; huko maji yenyewe yanawavuta na mtajidanganya.

Kuhusu kochi kuhesabu ufukweni kwa simu: njia ni nzuri, nayo isiachwe hata kidude kikipona. Aanzishe saa kasia linapoingia majini, ahesabu mapigo matatu, asimamishe kasia linapoingia tena, kisha agawe 180 kwa sekunde alizopata. Sekunde 9 ni 20, sekunde 7.5 ni 24, sekunde 6 ni 30, sekunde 5 ni 36. Mtego ni kwenye kuanza: pale anapobonyeza aseme “sifuri”. Akisema “moja” atakuwa amehesabu mapigo mawili akidhani ni matatu, na kikosi cha 26 kitaandikwa 39. Nimeona vikosi vikijisifu kwa namba za namna hiyo. Na mkiwa kwenye 34, kidole kikichelewa theluthi ya sekunde tayari kadansi imekosewa kwa mbili hivi, kwa hiyo kwenye kadansi za juu ahesabu mapigo kumi na agawe 600.

Simu ndani ya mtumbwi nayo inaweza kuhesabu kwa kuhisi mtikisiko, na zipo programu za bure. Ifungwe kwenye mtumbwi ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mfukoni mwako itahesabu pia unavyojigeuza. GPS ya simu kwa kawaida hujisahihisha mara moja kwa sekunde, basi inafaa kwa wastani wa mita 500, haifai kukuambia pigo hili lilikuwa bora kuliko lile. Kuna pia vijana wanaofunga kipima-mwendo cha baiskeli chenye kadansi, kwa kuwa nacho hutumia sumaku na swichi. Kinafanya kazi, ila kinaona mipito miwili na kukuandikia mara mbili: ukiona 60, mko kwenye 30.

Wewe unayelala mbele una kazi ngumu kuliko mshika usukani anayekaa nyuma na kutazamana na kikosi. Huoni kasia hata moja. Kwa hiyo namba ikupe nusu ya habari, na mgongo wako ukupe nusu nyingine. Mtumbwi hauendi kwa mwendo mmoja. Uko polepole zaidi mara tu makasia yanapoingia majini, na una mwendo mkubwa zaidi wakati wa kurudi, watu wanapovuta miguu yao na uzito wao unasogea nyuma huku mtumbwi ukiteleza mbele chini yao. Ukilala kimya utausikia ule mtelezo mabegani, na sauti ya maji ubavuni inageuka kutoka mchapo hadi msururu wa mapovu. Kikosi kikikimbiza viti, mtelezo unakatika ghafla na kichwa chako kinasukumwa mbele. Hiyo ndiyo alama ya kusema “taratibu mkirudi”, hata kama namba inaonyesha kile kochi alichotaka.

Usisome namba kila pigo. Itoe mara moja, nyamaza kwa mapigo kumi, kisha sema kama imebaki au imehama. Ukitaka kupanda, taja unakokwenda na mapigo mangapi ya kufikia: “Tuko 26, tunakwenda 28 kwa mapigo mawili, miguu… sasa.” Jioni shuka ufukweni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanapoondoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Msikilize yule anayeanzisha wimbo. Hapigi kelele mfululizo. Anatupa mstari, wengine wanaupokea, na kati ya mstari na mstari anasikiliza kama makasia yameingia pamoja. Wakitawanyika, anaurefusha mstari badala ya kuuharakisha. Hakuna shule ya ushika usukani iliyo karibu nawe kuliko hiyo.

Kuhusu msichana: wanaosema hivyo wamechelewa. Tangu 2017 kanuni za shirikisho la dunia, World Rowing, zinamruhusu mshika usukani kuwa mwanamke au mwanaume katika kikosi chochote. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Caleb Shepherd, mwanaume, aliwashikia usukani wanawake wanane wa New Zealand wakapata medali ya fedha. Kinachoangaliwa ni uzito: angalau kilo 55. Ukipungua unabeba uzito wa ziada, usiozidi kilo 15, na unapimwa kabla ya mbio. Kidude chako kinaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kupokea mawasiliano ya mtu wa ufukweni mbio zikiendelea, kwa hiyo simu ya kochi ibaki kwa kochi.

Fedha mliyo nayo msiinunulie GPS sasa. Nunueni plagi mbili za akiba, bomba la grisi ya silikoni, na betri mpya kama ya zamani haidumu mazoezi mazima. Ukishahamisha swichi, niandikie namba tatu: umbali kutoka mwisho wa reli hadi ilipokaa swichi, umbali kutoka mwisho huohuo hadi kwenye utepe, na umbali kiti kinapogeukia mkiwa kwenye 30.